Chai inageuka mkandaa nikiwa kwenye kompyuta: kosa la saa au la majani?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Kikwajuni, Unguja, na kazi yangu ni kutengeneza hesabu za maduka nikiwa nyumbani, kwenye kompyuta ya mezani. Nikishatia majani kwenye buli na kurudi kwenye hesabu, nasahau. Nikija kukumbuka, chai imekuwa mkandaa mtupu, hainyweki. Basi nikaweka programu ya kuhesabu dakika kwenye kompyuta, nikaipanga dakika 5 kwa kila chai, iwe ya rangi, ya mchaichai au ya maziwa. Siku nyingine chai inatoka nzuri, siku nyingine nyepesi, siku nyingine chungu vilevile, na kuna siku kengele hailii kabisa. Mama mkwe wangu anasema chai haitaki kompyuta, inataka jicho. Niifute programu, au kuna namna ya kuitumia?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Usiifute, na wala usimbishie mama mkwe wako, kwani nyote wawili mna haki kwa upande wenu. Nimefundisha vijana wa hoteli kuandaa chai kwa miaka mingi, na kosa hili lako nimeliona mara nyingi kwa watu wenye saa mkononi: wanapima dakika na hawapimi kitu kingine chochote. Saa inajua jambo moja tu, muda gani umepita. Haijui umetia majani kiasi gani, maji yalikuwa na moto gani, wala kama ulibonyeza kitufe pale pale ulipomimina au baada ya kwanza kupokea simu. Hayo yakibadilika kila siku, dakika 5 za Jumatatu si dakika 5 za Jumanne.

Tuanze na neno ulilolitumia mwenyewe, mkandaa. Huo ni mmoja katika mikoko yetu, unaota Chwaka na pwani nyingi za Pemba, na gome lake tangu zamani hutumika kutilia rangi na kutengenezea ngozi. Kinachofanya kazi hiyo ndani ya gome ni tanini. Wazee walioiita chai kavu "chai ya mkandaa" waliitazama rangi yake, lakini waligusa na kiini chake, maana jani la chai nalo limejaa vitu vya ukoo huohuo. Vikifika mdomoni hushikana na protini za mate, ulimi ukakauka na mashavu yakavutika ndani. Huo ndio ukakasi, ule ule wa bibo na wa ndizi mbichi. Uchungu ni jambo jengine. Unatokana na kafeini pamoja na baadhi ya ndugu wa hizo tanini, na unausikia ulimini bila ya mdomo kukauka. Ningependa ujizoeze kuvitenganisha viwili hivi, kwa sababu dawa zake si moja. Chai yenye ukakasi mwingi aghalabu imekaa sana na majani. Chai iliyo chungu tangu dakika ya pili imezidishiwa majani, na hapo saa haitakusaidia hata ukiipunguza.

Vitu hivi havitoki kwenye jani kwa pamoja. Kafeini na sehemu kubwa ya rangi hutoka upesi, katika dakika chache za mwanzo. Harufu nayo hutoka mapema, na ikikawia bila ya kifuniko inaondoka na mvuke. Tanini zinaendelea kutoka taratibu muda wote majani yamo majini. Kwa hiyo buli ulilolisahau robo saa nzima halikukuongezea sana nguvu ya kukukesha. Lilichokuongezea zaidi ni ukakasi. Watu wengi wanaamini kinyume chake, na ndiyo maana wanaiacha chai "ikolee" kwa ajili ya kazi ya usiku. Ukitaka chai yenye nguvu, ongeza majani kidogo na uache dakika zilezile.

Sasa, majani yenyewe. Chai haioti kwetu visiwani. Tunayoinunua sokoni Darajani kwa kawaida inavuka bahari kutoka bara, ambako hulimwa Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara, au inatoka nchi jirani. Chai nyingi ya Afrika Mashariki ni ya punje ndogo nyeusi, si ya majani marefu yaliyokunjwa. Punje hizo hutoka kwenye mashine zenye mapipa ya meno yanayoliponda jani, kulichana na kulikunja, ufundi ulioanzishwa na William McKercher huko Assam, India, mwaka 1930. Jani lililopondwa hivyo lina sehemu nyingi za kuguswa na maji, kwa hiyo hutoa kila kilichomo upesi sana. Anayesema dakika 5 huenda ana majani mazima kwenye buli lake. Kwa punje zetu, dakika 3 zinatosha, na vifuko vyenye unga unga ndani hata dakika 2 na nusu. Majani mazima ndiyo yanayostahili dakika 4 au 5.

Huenda ukakutana na kipimo cha dakika 6. Hicho kipo kweli: ni kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 3103, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980, kinachoagiza gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, kwa dakika 6. Lakini kimewekwa kwa ajili ya waonjaji wa chai, ambao wanataka chai itoe kila ilichonacho ili kasoro ya shamba au kiwanda isijifiche, na ili chai ya leo ilinganishwe na ya jana. Hakikuwekwa kwa ajili ya mtu anayetaka kunywa chai yake na andazi. Hata hivyo nakipenda kwa jambo moja, nalo ndilo nitakalo ulichukue: mwonjaji hapimi muda peke yake. Anapima majani na maji, kisha ndiyo anashika saa.

Kwa hiyo nunua amani yako kwa kijiko. Chagua kijiko kimoja cha chai kikae ndani ya mkebe wa majani kisitoke. Kijiko kisawazishwe, kisiwe na kilima. Kijiko kama hicho cha punje ni gramu 2 na kitu, na kinatosha kikombe kimoja cha kawaida. Buli la vikombe vitatu lina vijiko vitatu. Ile desturi ya kuongeza kimoja "cha buli" iache kwanza, kwani kwa punje zetu ndiyo inayoleta uchungu.

Maji yawe yamechemka kweli. Sisi tuko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 100 kamili. Kule Mufindi inakotoka chai yenyewe, juu milimani, yanaanza kutokota kwenye nyuzi 94 hivi, na chai ya punje ileile itahitaji nafasi zaidi kidogo. Tatizo letu ni jengine. Unguja sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi yana chokaa. Tazama ndani ya birika lako. Ukiona ukoko mweupe, ndiyo huo. Chokaa hiyo hiyo ndiyo inayofanya utando wa kahawia juu ya chai, unaong'aa kama mafuta, ambao wengi hudhani kikombe hakikuoshwa. Wanakemia wawili wa London, Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, waliuchunguza na kueleza mwaka 1993 kwamba hutokea pale vitu vya kwenye chai vinapokutana na hewa ndani ya maji yenye chokaa. Dawa yake unayo jikoni: tone la ndimu likiingia, utando hautokei, na rangi inang'aa. Ukipata maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, jaribu siku moja kuyachemsha. Utaona kikombe kingine kabisa kwa majani yaleyale na dakika zilezile.

Turudi kwenye kompyuta, maana hapo ndipo penye sehemu ya makosa yako usiyoyaona. Nadhani unafanya hivi: unamimina maji jikoni, unafunika buli, unaweka birika mahali pake, unapita ukumbini, unakaa, unasogeza Excel pembeni, kisha ndiyo unabonyeza. Hizo ni sekunde 30 au 40. Katika dakika 3, sekunde 36 ni moja ya tano. Siku ukipitia mlangoni kumwitikia mgeni zinakuwa dakika mbili au tatu, na programu haina habari. Njia ninayoipendekeza ni kupeleka buli lenye majani kwenye kijimeza karibu na kazi yako, pembeni na chini kuliko kibodi, halafu ulete maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai, umimine hapo hapo na ubonyeze papo hapo. Kama haiwezekani, jihesabie mara tatu unatumia sekunde ngapi kutoka jikoni hadi kitini, kisha uzipunguze kwenye programu. Dakika 3 zako ziandikwe dakika 2 na sekunde 25.

Na kengele ikilia, majani yatoke. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi wanaopanga saa hunyanyuka, hujimiminia kikombe kimoja, na buli hulirudisha na majani yake ndani. Kikombe cha kwanza kitakuwa kizuri, cha pili ni mkandaa, kisha wanailaumu programu. Ukiwa mnywaji wa vikombe vitatu, chuja yote kwa mara moja uitie kwenye chupa iliyo safi. Majani yasiingie kwenye chupa hata punje, kwa kuwa ndani ya chupa joto halishuki na tanini zinaendelea kutoka mpaka adhuhuri.

Kuhusu kengele isiyolia, sababu ya kwanza kuiangalia ni usingizi wa kompyuta. Mashine ikilala, saa ya ndani ya programu nyingi hulala nayo au hulia bila ya wewe kusikia. Hata programu ya Saa inayokuja na Windows haikuhakikishii kengele isipokuwa kompyuta iko macho. Ingia kwenye mipangilio ya umeme uirefushe muda wa kulala upite chai yako ndefu kuliko zote. Skrini ikizimika peke yake hakuna neno. Sababu ya pili ni sauti inakokwenda: kompyuta nyingi za mezani hazina spika ndani, na ukiunganisha skrini mpya, mashine huweza kuamua kupeleka sauti kwenye skrini isiyo na spika, au kwenye hedifoni ulizozivua na kuziweka mezani. Ya tatu ni ile hali ya kutosumbuliwa inayozima taarifa zote. Umeiwasha kwa ajili ya kazi, nayo imeinyamazisha chai. Fanya jaribio la sekunde 10 kila asubuhi kabla ya kuanza. Likilia, una amani ya siku nzima.

Kama unatumia ukurasa wa intaneti badala ya programu yenyewe, jua kwamba tangu mwaka 2021 kivinjari cha Chrome hupunguza kasi ya kurasa zilizofichwa kwa zaidi ya dakika 5, zinaamshwa mara moja tu kwa dakika. Kwa chai ya dakika 3 haina athari kubwa. Kwa mchaichai wa dakika 7 unaweza kucheleweshwa karibu dakika nzima. Programu iliyowekwa kwenye mashine ni bora.

Wapo waliofikiria shida yako kabla yako. Watumiaji wa Linux, mfumo wa kompyuta wa bure unaotumiwa badala ya Windows, wenye mazingira ya skrini yaitwayo KDE wanayo programu ndogo ya bure iitwayo KTeaTime, kikombe kidogo kinachokaa kwenye ukanda wa pembeni mwa skrini. Unachagua jina la chai nayo inahesabu. Kinachonivutia ni kwamba unaweza kuongeza majina yako mwenyewe na muda wake, na kuiambia ikukumbushe tena na tena mpaka unyanyuke. Hata programu isiyokuwa ya chai siku hizi aghalabu inakubali kuhifadhi saa kadhaa zenye majina. Na hapo ndipo lilipo kosa lako kubwa la kupanga: dakika 5 kwa kila kitu. Andika majina manne.

La kwanza, "Rangi", dakika 3, kwa sababu tulizokwisha kuzieleza. La pili, "Mchaichai", dakika 7. Mchaichai hauna tanini nyingi kama jani la chai, kwa hiyo ukisahau dakika mbili tatu hautakuadhibu. Thamani yake yote ni harufu, na harufu hiyo ni mafuta yanayoruka, basi kata majani, yapondeponde kwa mkono, mimina maji yanayochemka, ufunike vizuri. Ukiuchemsha wazi jikoni nusu saa, nyumba nzima itanukia na kikombe hakitabaki na kitu. Ukitaka mchaichai na majani ya chai pamoja, tia mchaichai kwanza, na majani uyatie zikibaki dakika 3.

La tatu ni "Viungo". Hapa Unguja na Pemba tumezoea kutupia vyote kwa pamoja, nami nafahamu kwa nini, iliki, mdalasini na karafuu vyote viko karibu ya mkono. Lakini gome la mdalasini ni gumu, linataka kuchemka dakika 10. Tangawizi iliyopondwa nayo inataka hizo hizo. Iliki iliyofunguliwa itiwe dakika mbili za mwisho, inaudhika na moto mwingi. Karafuu ziwe mbili au tatu kwa buli zima, zisizidi: mafuta yake, yujinoli, yanatia ganzi ulimi, na ulimi wenye ganzi hauonji chai. Majani ya chai yanakuja mwisho, jiko likiwa limeshazimwa. Kwa hiyo saa ya viungo si moja, ni mbili zinazofuatana, ya kuchemsha na ya majani. Ile ya kuchemsha nataka uihesabie jikoni, si kwenye kompyuta.

Na chai ya maziwa sitaki uipangie saa ya kompyuta kabisa. Maziwa hayangoji. Yanapanda ghafla, yanazima moto wa gesi, na gesi inaendelea kutoka huku wewe umekaa chumba cha pili unasubiri kengele. Simama nayo. Hapo mama mkwe wako amesema kweli tupu, inataka jicho. Bahati nzuri ni kwamba chai ya maziwa ndiyo isiyohitaji usahihi: protini ya maziwa hushikana na tanini kabla hazijafika kwenye mate yako, kwa hiyo inastahamili kuchemshwa na majani dakika mbili tatu bila ya ukakasi. Ukitia tangawizi, ichemke na maji kwanza kabla ya maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na moto ndio unaokiua. Walionilalamikia kwamba maziwa ya siku hizi yanakatika ovyo, wengi nimewakuta wanatia tangawizi mbichi kwenye maziwa ya vuguvugu.

Jina la nne ni "Kunywa". Hili watu hawalitarajii. Baada ya kuchuja, panga dakika nyingine 5 kabla ya kuanza kunywa, au zaidi kama kikombe chako ni kinene. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Lawama haikuwa kwa chai, ilikuwa kwa moto wake. Sisi tunasifiana kwa kunywa chai inayofuka, na wageni tunawapa hivyo hivyo kwa heshima. Naomba tuiache. Na kwa faida ya ulimi pia, chai iliyotulia inaonjeka zaidi.

Umeme ukikatika, kompyuta yako inapoteza hesabu yote na haitakumbuka ulikuwa dakika ya ngapi. Weka desturi ya kutupia jicho saa ya ukutani unapomimina. Inachukua nukta moja, na siku ya giza itakuokoa.

Sasa mama mkwe. Jicho lake si la kubahatisha. Kwa miaka yote ametumia mkebe mmoja, kijiko kimoja, buli moja na jiko moja, kwa hiyo rangi anayoiona inamwambia kweli. Wewe ukibadilisha aina ya majani, rangi itakudanganya, kwani punje ndogo huiva rangi kabla ya ladha. Ijumaa mkiwa mmetulia, tengeneza bilauri tatu kwa majani ya kijiko kimoja kimoja na maji yaleyale: moja ya dakika 2, moja ya dakika 3, moja ya dakika 4 na nusu. Zichuje, zisubiri zipoe sawasawa, usitie sukari, na umpe aonje bila ya kumwambia ipi ni ipi. Atakayoichagua, chukua dakika zake uziandike kwenye programu, na badala ya "Rangi" uweke jina lake.